Mgonjwa Asianguke Wodini: Mwongozo wa Zamu hadi Zamu

Maswali ni yale yale kila kundi jipya la wauguzi linapoingia wodini. Nipandishe reli za kitanda au nisipandishe? Mzee anayetapatapa usiku nimfunge mikono? Nikimkuta mgonjwa sakafuni, nimwinue kwanza au niite daktari kwanza? Alama za Morse, zile za kupima hatari ya kuanguka, zinajazwaje? Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu mgonjwa anapopokewa hadi fomu ya tukio inapojazwa. Umelenga wodi ya watu wazima kama tulizonazo: vitanda vya chuma visivyoshuka, choo mwisho wa korido, muuguzi mmoja au wawili usiku, na ndugu wanaolala na mgonjwa wao. Wazazi na watoto wana sehemu yao fupi mbele.

Jambo moja ulijue kabla hujaanza. Mgonjwa haanguki kwa ukaidi. Wengi huanguka wakienda haja, wakitoka haja, au wakishuka kitandani baada ya kuita na kutoitikiwa. Kwa hiyo kumwambia "usishuke" hakumkingi na chochote. Kinachomkinga ni kupelekwa kabla hajabanwa.

VYA KUWA NAVYO

- Mashine ya presha yenye mkanda unaoenea mkono wa mgonjwa, na saa yenye mshale wa sekunde.
- Glukomita, yaani mashine ya kupima sukari ya damu, na vijiti vyake. Angalia tarehe ya mwisho ya vijiti, si ya mashine.
- Tochi ndogo, kwa ajili ya mboni za macho na kwa ajili ya umeme kukatika.
- Kopo la mkojo kwa kila mwanamume asiyetembea vizuri, bedipani za kutosha, na angalau kiti kimoja cha haja, kile chenye tundu na ndoo chini yake.
- Kitu cha kuitia. Kama wodi haina kengele za ukutani, kengele ndogo ya mkono inafaa, hata chupa ya plastiki yenye punje chache za maharage.
- Kadi au utepe wa rangi moja wa kufunga kitandani. Chagueni rangi moja kwa wodi nzima na maana yake iwe moja tu: huyu hashuki peke yake.
- Fomu ya tathmini, chati ya uangalizi wa kichwa, na fomu ya tukio.
- Kola ya shingo na ubao mrefu wa kubebea. Huna haja ya kuvishika kila siku, lakini ujue viko wapi na ufunguo wa kabati anao nani.

HATUA ZA KUZUIA

1. Uliza vizuri siku ya kwanza.

Fanya hivi kabla mgonjwa hajalala usiku wake wa kwanza. Usimuulize "una tatizo la kutembea?" kwa kuwa karibu kila mtu atajibu hana. Uliza hivi: "Shikamoo mzee. Tangu miezi mitatu iliyopita umewahi kudondoka? Ulikuwa unafanya nini?" Kisha: usiku unaamka mara ngapi kwenda haja? Nyumbani unatembea na nini? Mkongojo umekuja nao? Mara nyingi mkongojo na miwani vimebaki nyumbani, na mzee anayetembea vizuri kwake anakuwa mtu mwingine kabisa akifika wodini. Mpe ndugu kazi ya kuvileta kesho yake. Majibu yote yahakikishe kwa anayeishi naye, maana wazee huficha kuanguka ili wasikatazwe kutembea.

2. Jaza kipimo cha Morse.

Kipimo hiki kilitolewa na Janice Morse mwaka 1989 na bado ndicho kinachotumika katika hospitali nyingi. Kina vipengele sita:

- Ameanguka katika kulazwa huku au miezi 3 iliyopita: hapana 0, ndiyo 25.
- Ana ugonjwa zaidi ya mmoja kwenye faili: hapana 0, ndiyo 15.
- Msaada wa kutembea: hana, au yuko kitandani tu, au hutembezwa na muuguzi au kwa kiti cha magurudumu 0, mkongojo, magongo au woka 15, hushikilia kitanda, meza na ukuta 30.
- Ana dripu au kanula (kimrija kilichoachwa kwenye mshipa): hapana 0, ndiyo 20.
- Mwendo: wa kawaida 0, dhaifu 10, mbovu 20.
- Akili: anajua uwezo wake 0, anasahau au anajikweza 15.

Jumla ya juu kabisa ni 125. Mpaka unaotumika sana ni huu: chini ya 25 hatari ndogo, 25 hadi 44 hatari ya kati, 45 na kuendelea hatari kubwa. Kama hospitali yako imeweka mpaka wake, fuata huo.

Mfano: mzee wa miaka 72 amelazwa kwa nimonia, ana kisukari na presha (15), ana kanula (20), anatembea akishika vitanda vya wenzake (30), kichwa kimeinama na macho yako sakafuni (20). Hajawahi kuanguka, na akili yake ni timamu. Jumla 85.

Wanaoanza hukosea mahali pawili. Kwanza, mgonjwa wa kitandani hupewa alama kubwa kwenye "msaada wa kutembea", ilhali stahili yake ni 0. Pili, kipengele cha akili si cha kuuliza leo ni siku gani. Muulize: "Unaweza kwenda chooni mwenyewe au unahitaji mtu?" Akisema anaweza, na wewe umemuona asubuhi akishindwa kusimama, mpe 15. Huyo ndiye atakayeshuka.

Rudia kipimo akitoka upasuaji, akihamishwa wodi, akianza dawa mpya ya usingizi au ya presha, na akianguka. Halafu usikitegemee kuliko kinavyostahili. Nchini Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, tangu 2013 unakataza kutumia alama kutabiri nani ataanguka. Unasema kila aliyelazwa mwenye miaka 65 na zaidi ahesabiwe yuko hatarini, kisha kitafutwe kinachomwangusha yeye hasa. Alama 85 kwenye faili haijamshika mtu mkono. Hatua zinazofuata ndizo zitakazomshika.

3. Mtambue atakayeumia vibaya.

Kuanguka na kuumia ni hatari mbili tofauti. Kijana wa malaria anaweza kuanguka akainuka akacheka. Weka alama ya pili kwenye faili la mgonjwa mwenye lolote kati ya haya: umri mkubwa, hasa zaidi ya 80, mifupa dhaifu, ikiwemo ya aliyetumia prednisolone kwa muda mrefu au mwenye saratani iliyofika mifupani, damu isiyoganda upesi, kwa mfano anayetumia warfarin, heparin au rivaroxaban, au mwenye ugonjwa wa ini, na aliyefanyiwa upasuaji karibuni, hasa wa tumbo au aliyekatwa mguu. Aliyekatwa mguu ana hatari yake ya peke yake: usiku akiwa na usingizi husahau, akasimama kwa mguu ambao haupo.

4. Pima presha amelala, kisha amesimama.

Alale dakika 5, pima. Asimame, pima baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inashuka akisimama, na huyo hatembei bila mtu mpaka chanzo kipatikane: maji mwilini yamepungua, damu imepungua, au dawa imezidi. Usiache kipimo cha dakika ya 3. Wapo ambao dakika ya kwanza wako sawa, halafu wanaanza kuyumba wakiwa tayari mlangoni mwa choo. Asipoweza kusimama, mpime ameketi na uandike kuwa ulimpima ameketi.

5. Pitia dawa pamoja na daktari au mfamasia.

Tafuta makundi haya: dawa za usingizi na za akili (diazepam, amitriptyline, haloperidol, chlorpromazine), za maumivu makali (mofini, tramadol), za presha, za kukojosha, na za kushusha sukari. Diazepam kwa mzee hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo kidonge cha jana usiku bado kinamyumbisha leo mchana.

Furosemide, dawa ya kukojosha, ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote ukiipangia saa. Ya kumeza huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea saa 6 hadi 8. Ya mshipa huanza ndani ya dakika 5 na huisha baada ya saa 2 hivi. Dozi ya pili ikitolewa saa 2 usiku, umempangia mgonjwa safari za chooni hadi usiku wa manane. Muombe daktari isogezwe hadi saa 8 mchana. Ya mshipa usiidunge bila kopo au bedipani kuwa pale pale kitandani.

Insulini nayo isitangulie chakula kisichoonekana. Uji wa ndugu ukichelewa getini, sukari haimsubiri.

6. Rekebisha kitanda na njia ya chooni.

Sukuma kila kitanda kwa goti lako. Kikitembea, breki haikamati, na kitanda hicho kisipewe mgonjwa mwenye kadi. Halafu mketishe mgonjwa ukingoni: nyayo zake zote mbili zifike sakafuni. Kama kitanda ni kirefu na hakishuki, tumia kigoda kipana chenye mpira miguuni, ukishike yeye anaposhuka, na ukiondoe ukimaliza. Kigoda kilichoachwa kando ya kitanda usiku ni mtego. Angalia na godoro: sponji iliyochoka ukingoni hubonyea, na mgonjwa huteleza nayo kabla hajajua.

Chandarua kichomekwe au kifungwe juu, kisining'inie anapopitisha miguu. Stendi ya dripu iwe upande anaoshukia, na mwambie wazi kuwa ile si fimbo. Mfuko wa mkojo ufungwe kitandani upande huo huo. Akishuka upande wa pili, mpira humvuta nyuma. Kanga isiburute: ifungwe juu ya vifundo vya miguu. Kandambili zilizolika soli, au kubwa kuliko mguu, zibadilishwe kwa viatu vya mpira vinavyoshika kisigino. Soksi tupu juu ya sakafu laini ni mbaya kuliko miguu mitupu.

Deki ipigwe nusu ya korido, ikauke, ndipo nusu ya pili. Kelele nyingi za "nani kamwaga maji hapa" zingeisha kwa hilo tu. Sabuni ikibaki sakafuni huteleza hata ikishakauka, kwa hiyo isuuzwe. Wodi ambayo bomba halitoi maji, mgonjwa mwenye kadi asibebe ndoo. Maji yatangulizwe chooni.

Choo cha kuchuchumaa hakimfai aliyepasuliwa nyonga, mwenye kiharusi, wala yule ambaye presha yake hushuka akisimama. Mpelekee kiti cha haja. Na kama mafundi wakija kukarabati, waombe mambo mawili: vishikio vilivyofungwa kwenye ukuta wenyewe, si kwenye plasta, na mlango wa choo ufunguke kwa nje. Mgonjwa akianguka ndani ya choo kidogo, mwili wake huziba mlango unaofunguka kwa ndani.

7. Panga raundi ya haja.

Mchana pita kila saa 2 kwa wenye kadi. Usiku weka saa zisizobadilika, mfano saa 4 usiku, saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, na nyingine baada ya kila dawa ya kukojosha au ya kulainisha choo. Usiulize "unahitaji kitu?" Sema: "Bibi, twende haja sasa." Katika raundi hiyo hiyo angalia vitu vinne: maji ya kunywa, miwani, kitu cha kuitia na kopo la mkojo viko mahali anapofika bila kujinyoosha. Wengi hudondoka wakinyoosha mkono kufuata kikombe.

Mgonjwa dhaifu uliyemketisha chooni usimwache. Geuka, mpe kisogo kwa heshima, lakini kaa pale. "Ukimaliza niite" haifanyi kazi: atamaliza, ataona umeshughulika, atainuka.

8. Mtoe kitandani kwa utaratibu.

Aliyelala muda mrefu aketi ukingoni dakika 2 au 3, apige nyayo juu na chini mara kumi kumi ili damu ipande. Muulize kama kichwa ni chepesi. Mtazame na midomo: ikipauka, mrudishe alale hata kama anasema yuko sawa. Akisimama, asubiri palepale mpaka mwili utulie kabla ya hatua ya kwanza.

Mgonjwa wa kiharusi ashuke kwa upande wenye nguvu. Akitembea, wewe simama upande dhaifu, nyuma kidogo, mkono mmoja ukiwa kiunoni. Usimvute kwa mkono uliopooza, bega lake litachomoka. Kiti cha magurudumu kiwekwe upande wenye nguvu, kimeelekezwa mshazari kwa kitanda, breki zimekazwa, vikanyagio vimekunjwa juu.

Akianza kuanguka mikononi mwako, usishindane na uzito wake. Panua miguu, mvute karibu na mwili wako, mwache ateleze juu ya paja lako hadi chini huku ukilinda kichwa. Kumshusha polepole kunaumiza wawili wenu kidogo kuliko kumng'ang'ania. Na hilo nalo ni tukio la kuandikwa.

9. Mfundishe ndugu mmoja, kwa vitendo.

Chagua anayelala hapo, si aliyekuja kusalimia. Mwonyeshe namna ya kumketisha, kisha afanye yeye wewe ukitazama. Mpe sharti moja: akitoka, hata kwenda dirisha la dawa, amwambie muuguzi. Mgonjwa akimuona mwenzake katoka hujaribu peke yake.

10. Kabidhi zamu kwa maneno kamili.

"Huyu ana hatari ya kuanguka" haimsaidii anayepokea. Sema: "Kitanda cha 7, mzee wa kiharusi cha kushoto, anashuka kwa kulia, anaamka saa 8 usiku kukojoa, kapewa furosemide saa 8 mchana, ndugu yake hayupo leo." Mpitie kitandani mkiwa pamoja, msikabidhiane mezani.

RELI NA KAMBA

Reli humfaa mgonjwa anayesinzia: aliyetoka tiba ya usingizi, aliyedungwa dawa ya kutuliza, au anayesukumwa kwa machela. Hazimfai aliyechanganyikiwa lakini ana nguvu za kutembea. Huyo atazipanda, na sasa ataanguka kutoka juu zaidi, kichwa kikitangulia. Reli yenye nafasi pana hunasa kichwa na shingo. Kwa mtu wa namna hiyo, godoro likishushwa sakafuni, na ndugu wakielezwa kwa nini, ni salama kuliko reli.

Kumfunga mgonjwa kwa bandeji au shuka kusitumike kama njia ya kuzuia kuanguka. Hakuzuii. Mtu aliyefungwa hupambana zaidi, hujikaba, hukatika mzunguko wa damu mikononi, na misuli yake huisha nguvu, hivyo siku akifunguliwa huanguka kirahisi zaidi. Akitapatapa ghafla, tafuta sababu. Anza na kibofu: papasa chini ya kitovu, angalia kama mpira wa mkojo umeziba au umekunjika chini ya paja. Kibofu kilichojaa humfanya mzee aliyechanganyikiwa apande ukuta, na hawezi kukuambia. Kisha oksijeni, sukari, homa, maumivu, choo kilichokwama, dawa mpya. Na mnywaji wa pombe aliyelazwa kwa jambo jingine kabisa, tuseme mguu uliovunjika, anaweza kuanza kutetemeka na kuona visivyokuwepo siku ya 2 au ya 3. Hiyo ni dharura ya daktari.

WAZAZI NA WATOTO

Mama aliyepasuliwa kwa ganzi ya mgongo asishuke mpaka ainue kila mguu ukiwa umenyooka na akunje magoti yote mawili bila kusaidiwa. Mara ya kwanza aende na mtu, mlango wa bafu usifungwe kwa komeo, na asibebe mtoto. Aliyepoteza damu nyingi huzimia bafuni, hasa akioga maji ya moto amesimama, aoge ameketi.

Mtoto mchanga hudondoka mama anaposinzia akinyonyesha, na saa mbaya ni alfajiri. Pita wakati huo, mtoe mtoto kifuani umlaze kitandani kwake. Kitanda kilichosukumwa ukutani hakitoshi, kwa sababu mtoto hupenya kati ya godoro na ukuta. Mtoto aliyedondoka achunguzwe na daktari hata kama amenyamaza na ananyonya vizuri.

AKISHAANGUKA

1. Kaa naye, ita msaada, usimwinue. Kumkimbilia na kumnyanyua kwa makwapa ndilo kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa kwa huruma. Nyonga iliyopata ufa huweza kuachana kabisa, na shingo iliyoumia huharibika zaidi.

2. Angalia pumzi, mapigo na fahamu. Hapumui na hana mapigo: anza kumfufua.

3. Uliza na upapase kuanzia juu kwenda chini. Shingo na mgongo vinauma? Vidole vya mikono na miguu vinacheza? Kichwa kina uvimbe au damu? Kisha linganisha miguu: mmoja ukiwa mfupi na nyayo imegeukia nje, chukulia kuwa nyonga imevunjika. Angalia na vifundo vya mikono, kwa kuwa watu hujikinga navyo.

4. Ukishuku shingo au mgongo, mmoja ashike kichwa kisisogee, wekeni kola, na mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, watu wasiopungua wanne, aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu. Ukishuku nyonga au paja, atolewe kwa ubao, asiketishwe.

5. Kama hakuna dalili hizo, aliye na nguvu ainuke mwenyewe kwa msaada: alale ubavu, apige magoti, ashike kiti imara mbele yake, aweke unyayo mmoja chini, kiti cha pili kije nyuma yake.

6. Pima presha, mapigo, pumzi, oksijeni, joto, na sukari. Sukari husahaulika, na pengine ndiyo iliyomwangusha. Kwa mgonjwa wa kisukari, chini ya 4 mmol/L itibiwe hapo hapo.

7. Kama kichwa kimegonga, au hakuna aliyeona, fanya uangalizi wa kichwa: kipimo cha fahamu cha Glasgow (alama kamili ni 15), mboni, nguvu za mikono na miguu, presha na mapigo. Akiwa na alama 15, kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, kisha kila saa 2. Akishuka hata alama moja kwa nusu saa, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, mboni zikitofautiana au akipata degedege, daktari aje mara moja. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda daktari aambiwe papo hapo hata kama anaongea vizuri, aamue kuhusu CT skani.

8. Picha ya kwanza ya eksirei inaweza isionyeshe ufa wa nyonga. Mzee ambaye bado hawezi kukanyaga kesho yake arudishwe kwa daktari, asiambiwe anadeka.

9. Andika ulichoona. Kama hukumuona akianguka, usiandike "ameanguka toka kitandani". Andika "amekutwa sakafuni, ubavu wa kulia, mita moja kutoka mlango wa choo, saa 9:20 usiku, sakafu ina maji, hana viatu". Kisha maneno yake mwenyewe: alikuwa anataka nini?

10. Waambie ndugu siku hiyo hiyo, na ubadilishe mpango kabla zamu haijaisha. Mzee akiruhusiwa kwenda nyumbani, waeleze kuwa damu huweza kuvuja polepole ndani ya kichwa kwa siku au wiki: akianza kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa au kulegea upande mmoja, arudishwe.

YANAPOKWAMA

Niko peke yangu na wagonjwa 40. Huwezi kuwalinda wote sawa, kwa hiyo usijaribu. Chagua wale wenye alama mbili, ya kuanguka na ya kuumia vibaya, na uwahamishie vitanda vilivyo mbele ya meza yako na karibu na choo. Raundi ya saa 4, saa 8 na saa 11 ifanye kwa hao hata mengine yakichelewa.

Karibu kila mgonjwa ana alama zaidi ya 45. Kanula pekee inampa kila mtu 20, ndiyo maana. Ondoa kanula zisizotumika, ambazo pia ni mlango wa maambukizi. Wasiotembea kabisa wasifungwe kadi sawa na wanaojaribu kutembea. Kadi zikiwa kila kitanda, hakuna anayeziona tena.

Mzee anakataa kusaidiwa na binti mdogo. Ana haki ya aibu yake. Mpatie kopo la mkojo na pazia, au mwombe mhudumu wa kiume au mwanawe. Muahidi utasimama nje ya mlango, na usimame kweli.

Ameanguka mara ya pili licha ya yote. Linganisha fomu mbili: saa, mahali, alichokuwa anafuata. Zikifanana, umepata sababu. Zisipofanana, rudia presha ya kusimama, orodha ya dawa na kipimo cha damu.

Umeme hukatika usiku. Tochi au taa ya kuchaji ikae njiani kwenda chooni, si kwenye droo. Giza likiingia, kauli ya kwanza iwe kwa wodi nzima: "Kila mtu abaki kitandani, napita na taa." Halafu upite kweli, ukianzia kwa wenye kadi.

Wenzangu hawaripoti, wanaogopa kuandikiwa barua. Basi fomu ikianza na "nani alikuwa zamu", badilisheni ianze na "mgonjwa alikuwa anafuata nini". Muuguzi kiongozi wa wodi akitaka hesabu, gawa idadi ya walioanguka kwa siku za wagonjwa (idadi ya wagonjwa mara idadi ya siku), zidisha kwa 1,000. Walioanguka 4 katika wodi yenye wagonjwa 30 kwa siku 30 ni 4 kwa 900, yaani 4.4 kwa kila siku za wagonjwa 1,000. Wodi inayoanza kuandika kwa ukweli itaona namba ikipanda miezi ya kwanza. Mwambieni mapema, kabla hajaiona kwenye ripoti.